Wikendi ya Kamera za Filamu Mjini: Mwongozo Kamili kwa Waandaaji

Mikutano mingi ya wapenzi wa kamera za filamu hufa kifo kimoja. Watu wanakutana Jumamosi asubuhi, wanazunguka mjini, wanapiga picha, wanaagana kwa furaha, kisha kila mmoja anaondoka na mkanda wake mfukoni. Mmoja anaupeleka kusafishwa wiki inayofuata, mwingine baada ya miezi miwili, mwingine unamlalia kwenye droo. Hakuna aliyeona picha za mwenzake, wala aliyejua kwa nini zake zimeungua.

Ndiyo maana hapa tunapanga wikendi kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Jumapili mchana kila mshiriki awe na negativu zake, yaani filamu iliyosafishwa, mkononi, zimekauka, zimekatwa, zimelazwa mezani karibu na za wengine. Idadi ya watu, aina ya filamu na urefu wa matembezi vyote vinaamuliwa na lengo hilo. (Na tuelewane mapema: filamu tunayoizungumzia ni ule mkanda wa ndani ya kamera, si sinema.)

Hesabu watu kwa matangi

Kinachoweka kikomo ni uwezo wa kusafisha, si ukubwa wa mji wala wingi wa marafiki. Tangi la kawaida la kusafishia lenye rili mbili (vigurudumu vyenye mifereji vinavyoshika mkanda) hubeba mikanda miwili ya milimita 35 na hutumia dawa ml 600 hivi. Ukiwa na matangi matatu, mnasafisha mikanda 6 kwa mzunguko mmoja wa dakika 35 hadi 40. Mizunguko miwili ni mikanda 12. Kwa hiyo waalike watu 12, mkanda mmoja kila mtu. Mzunguko wa tatu unawezekana, lakini uchovu unakuwa umeingia, na makosa makubwa ya chumba cha giza hufanywa na watu waliochoka.

Nunueni au azimeni rili 12, si 6. Rili ya plastiki iliyolowa haikubali filamu: ule mkanda unanata katikati ya njia na mtu anahangaika gizani nusu saa. Kukausha rili kwa draya ya nywele kunasaidia, ila tone moja lililobaki kwenye mfereji linatosha kuwakwamisha. Matangi yenyewe yanaweza kurudiwa mkiyafuta ndani kwa kitambaa kikavu.

Watatu kati ya hao 12 wawe wanajua kusafisha filamu bila kusoma karatasi. Kila mmoja anasimamia tangi lake na watu wanne. Msipowapata hao watatu, punguzeni wageni.

Filamu moja kwa wote

Hapa waandaaji wengi hulegea, wakihofia kuonekana wakali. Msilegee. Kila filamu ina muda wake katika dawa, na mikanda miwili ya aina tofauti haiwezi kukaa tangi moja bila mmoja kuumia. Chagueni filamu nyeusi-na-nyeupe ya ISO 400 (ISO ni kiwango cha filamu kuhisi mwanga), kwa mfano Ilford HP5 Plus, kwa sababu inavumilia makosa ya mwanga, inafaa juani na kivulini, na inasafishwa kwa nyuzi 20 tu. Filamu ya rangi ya mchakato wa C-41 inadai nyuzi 37.8 na dakika 3 na sekunde 15 kwenye devalopa, dawa inayoibua picha. Kosa dogo la joto linahamisha rangi.

Kuna faida nyingine ya filamu moja ambayo itaonekana Jumapili. Mikanda yote ikipita dawa ileile kwa muda uleule, tofauti zitakazobaki kati ya negativu zimetoka kwenye kamera na kwa mpigaji.

Nunueni mikanda 15 ya picha 36, yote ya toleo moja: 12 ya washiriki, 1 ya majaribio, 2 ya akiba. Kama ilikuwa kwenye friji, itoeni usiku wa kuamkia siku yenyewe, au angalau saa mbili kabla ya kufungua vikopo, la sivyo unyevu utatua juu ya filamu. Asiachiwe mtu kuiweka kwenye gari lililoegeshwa juani.

Atakayekuja na filamu yake aelezwe mapema kwamba ataisafisha mwenyewe kwingine. Mitego miwili inastahili kutajwa kwenye mwaliko. Ilford XP2 Super hutoa picha nyeusi-na-nyeupe lakini husafishwa kwa C-41, kwa hiyo haiingii kwenye tangi lenu. Na filamu za sinema kama Kodak Vision3, zinazouzwa zikiwa zimekatwa na kuingizwa kwenye vikopo vya kawaida, mara nyingi zina tabaka jeusi la kaboni mgongoni. Zikipita mashine ya kawaida ya C-41 zinachafua dawa na mikanda ya watu wengine.

Wenye kamera za filamu ya 120, ile pana, wakubalini wasiozidi wawili. Mkanda wao hutoa picha 12 za sentimita 6 kwa 6, au 16 za 6 kwa 4.5, na kila mmoja unakula ml 500 za dawa, yaani karibu tangi zima peke yake. Mkiwapokea wawili, watu wawili wa milimita 35 wanabaki nje au mnaongeza tangi.

Mgeni anayesafiri kwa ndege aombe filamu zake zikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za ukaguzi za CT, zinazoonyesha begi kwa pande tatu, zinaweza kuweka ukungu kwenye filamu ambayo bado haijasafishwa hata kwa kupita mara moja.

Kamera zikaguliwe wiki moja kabla

Ombeni kila mshiriki aandike jina la kamera yake na aina ya betri. Jibu la "inatumia betri ndogo ya duara" halitoshi. LR44 na SR44 zinaingia mahali pamoja, lakini ya pili, ya fedha, hushikilia volti zake karibu sawa hadi inapoisha, hivyo kipima mwanga hakidanganyi taratibu. Kamera za zamani kama Olympus OM-1 za mwanzo zilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Ukiweka ya volti 1.5, kipimo kinapotoka. Mwenye kamera kama hiyo apime kwa programu ya simu au kipima mwanga cha mkononi.

Kwa kamera za kuazimisha, chagueni zenye shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) ya kimekanika: Pentax K1000, Nikon FM2, Olympus OM-1. Betri ikifa, kipima mwanga tu ndicho kinachozimika, kazi inaendelea. Canon AE-1 ni kamera nzuri, lakini bila betri yake ya volti 6 haibofyeki kabisa, basi wekeni ya akiba. K1000 haina swichi ya kuzima kipima mwanga. Usipofunika lenzi, betri inaisha ukiwa umelala.

Ukaguzi wenyewe huchukua dakika kumi kwa kamera moja:

1. Fungua mgongo bila filamu ndani. Gusa sponji nyeusi kwenye mifereji na karibu na bawaba. Ikinata vidoleni kama lami au ikimomonyoka, mwanga utapenya. Dawa ya muda ni utepe mweusi wa kitambaa kuzunguka mshono wa mgongo baada ya kuweka filamu.
2. Elekeza kamera kwenye dirisha, fungua tundu la lenzi lote, bofya shata kwa sekunde 1, kisha 1/8, 1/60, 1/500. Uione duara la mwanga kila mara. Sekunde 1 inayosikika kama mbili ni dalili ya mafuta yaliyoganda.
3. Funga tundu hadi f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), bofya tena ukitazama kupitia nyuma. Majani ya lenzi yasipojifunga haraka, picha za juani zitaungua.
4. Linganisha kipimo cha kamera na cha kamera nyingine inayoaminika, zote zikitazama ukuta mmoja ulio kivulini. Tofauti ya hatua moja (mwanga mara mbili au nusu) irekebishwe kwenye kitufe cha ISO, na iandikwe kwenye kipande cha utepe nyuma ya kamera.

Kamera ndogo za otomatiki husoma ISO kwenye miraba ya kikopo. Kikopo kilichojazwa nyumbani bila miraba hiyo mara nyingi huchukuliwa kuwa ISO 100. Filamu ya 400 ikipigwa kama 100 inapata mwanga wa ziada wa hatua mbili. Nyeusi-na-nyeupe itaponea hapo, slaidi isingepona.

Njia ya kutembea

Picha 36 kwa saa tatu ni picha moja kila dakika tano. Mwendo wa filamu ni huo, na njia ipangwe kwa kuufuata: kilomita 3, zisizidi 4, zikiwa na vituo vinne vya kusimama dakika 25 hadi 30. Kundi linalotembea kilomita 8 hupiga picha za migongo ya wenzao.

Pitieni njia nzima siku moja kabla, saa ileile. Tazameni jua liko wapi, upande upi wa barabara una kivuli, wapi pana choo, maji na mahali pa kukaa. Anzeni saa moja baada ya jua kuchomoza, wakati vivuli bado ni virefu. Vituo viwe tofauti kwa mwanga: kimoja cha jua kali na kuta, kimoja cha kivuli wazi, kimoja cha ndani kama soko au stesheni, kimoja chenye watu wengi. Kituo cha ndani kinafundisha zaidi kuliko vingine, maana hapo ISO 400 inaomba 1/60 kwa f/2.8 au chini ya hapo, na mikono inayotetemeka inajulikana.

Ruhusa msizifanyie mzaha. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, viwanja vya ndege, madaraja na ofisi za serikali huenda vikawa na marufuku ya kupigwa picha, na sheria hutofautiana nchi na nchi, wakati mwingine mji na mji. Ulizeni kabla. Masoko na stesheni nyingi zina meneja, na ujumbe mfupi wiki moja kabla hufungua milango ambayo kundi la watu 12 wenye kamera shingoni lingefungiwa. Tripodi mara nyingi ndiyo inayowageuza wapita njia kuwa "wapiga picha wa biashara" machoni pa walinzi, kwa hiyo ziacheni.

Kwa picha za watu, filamu ina jambo lake. Huwezi kumgeuzia mtu kioo aone alivyotoka. Mwombe kwanza, mweleze kwamba picha itapatikana kesho, na ukiahidi kumtumia, andika namba ya picha na mawasiliano yake hapohapo. Watoto wasipigwe bila mzazi au mlezi kukubali.

Gawanyeni kundi katika makundi matatu ya watu wanne, kila moja na msimamizi wake. Watu 12 wakifika mahali kwa pamoja wanafukuza kile walichokuja kukipiga. Makundi yapishane kwa dakika kumi.

Jumamosi asubuhi: kuweka filamu pamoja

Msiruhusu mtu aje na filamu tayari ndani ya kamera. Kosa la kawaida kuliko yote katika kamera za milimita 35 ni filamu isiyoshika meno: mtu anapiga picha 36 za hewa. Mkiweka kwa pamoja, kivulini, kosa hilo linakwisha.

Vuta ulimi wa filamu hadi ufike kwenye spuli ya kupokelea, uchomeke ndani, vuta wenzo mara moja. Meno yawe yameingia kwenye matundu ya pande zote mbili kabla ya kufunga mgongo. Funga. Zungusha mkono wa kurudishia taratibu hadi usikie umekaza, usizidishe. Kisha vuta wenzo na kubofya mara mbili ukiutazama mkono huo: lazima uzunguke kinyumenyume. Usipozunguka, fungua, anza upya. Hesabu ya picha juu ya kamera si ushahidi, inasogea hata kamera ikiwa tupu.

Weka ISO 400 kwenye kamera. Wasimamizi wapite wakitazama kila moja kwa macho, wasiulize tu.

Kila mshiriki apewe kadi ndogo ya kukadiria mwanga, kwa shata ya 1/500:

Jua kali, vivuli vyenye kingo: f/16.
Jua lenye utando wa mawingu: f/11.
Mawingu, hakuna kivuli: f/8.
Mawingu mazito: f/5.6.
Kivuli wazi chini ya jengo: f/4.

Kadi hii ni ya kuhakikisha kipima mwanga hakijapotoka. Kikisema tofauti ya hatua tatu na kadi, kuna kasoro. Ukiwa njia panda, ongeza mwanga: filamu ya negativu inavumilia hatua moja au mbili za ziada, lakini kivuli ambacho hakikupata mwanga hakirudishwi na dawa yoyote.

Zoezi moja linatosha kwa asubuhi nzima. Katika kila kituo, kila mtu apige kitu kilekile mara tatu: kama kipimo kinavyosema, hatua moja chini, hatua mbili juu. Hizo ni picha 12 kati ya 36, na wengine watalalamika kwamba ni nyingi. Zitawalipa kesho.

Mkanda ukiisha, wenzo unakaza. Usiulazimishe, utang'oa filamu kwenye kikopo chake. Bonyeza kitufe cha chini ya kamera, kunjua mkono, zungusha kuelekea mshale hadi ukazaji uachie ghafla na mkono uwe mwepesi. Ongeza mizunguko miwili. Kama filamu imeng'oka au imekwama, msifungue: msimamizi aitoe ndani ya mfuko wa giza, aiweke kwenye kikopo cheusi kisichopitisha mwanga, na kuandika juu yake kwa herufi kubwa.

Kila mkanda ukitoka unabandikwa utepe wa karatasi: jina, kamera, tangi namba ngapi. Vikopo 12 vinavyofanana bila majina ni ugomvi unaosubiri siku.

Jumamosi alasiri: kusafisha

Dawa iandaliwe siku moja kabla. Tunatumia mfano wa devalopa ya ID-11 iliyochanganywa 1+1, kwa sababu ni ya kawaida na haina ukorofi. Chukua pakiti mbili za lita 1. Kwa kila moja, yeyusha unga wa A kwenye ml 750 za maji ya nyuzi 40 hadi uishe kabisa, ndipo unga wa B, kisha jaza hadi lita 1. Lita hizo 2 zinatosha: kila tangi linachukua ml 300 za dawa na ml 300 za maji, matangi sita ni lita 1.8. Mchanganyiko huu hutumika mara moja na kumwagwa, hivyo tangi la mwisho linapata dawa yenye nguvu sawa na la kwanza.

Dawa ya kusimamisha kazi ya devalopa, yaani stopu, kama Ilfostop 1+19: ml 100 kwenye lita 2. Fiksa, inayoifanya filamu isidhuriwe tena na mwanga, kama Rapid Fixer 1+4: ml 400 kwa maji ml 1,600. Hizi mbili zinarudishwa chupani na kutumika tena hadi mwisho wa siku.

Maji ndiyo yanayosahaulika. Andaeni lita 20 kwenye ndoo, zikae chumba kimoja na dawa usiku kucha ili vyote vifikie joto moja. Nyuzi 20 ndizo lengo. Kama chumba kina joto na maji yamegoma kwenye 24, msipigane nayo kwa barafu dakika za mwisho. Punguzeni muda wa devalopa kutoka dakika 13 hadi takriban 9. La muhimu ni kwamba stopu, fiksa na maji ya kuoshea yasitofautiane na devalopa kwa zaidi ya nyuzi mbili au tatu.

Kabla ya tangi la kwanza, fanyeni majaribio mawili kwa ulimi wa filamu uliokatwa. Kipande kimoja kitumbukizwe kwenye devalopa taa zikiwaka: ndani ya dakika chache kiwe cheusi. Kingine kwenye fiksa: kitakuwa angavu kama kioo. Hesabu sekunde hadi kiwe angavu, zidisha mara mbili, huo ndio muda wa chini wa fiksa. Jaribio hili la dakika tano linaokoa mikanda 12 dhidi ya chupa zilizobadilishana vifuniko.

*Kuingiza filamu kwenye rili* ni gizani kabisa. Kaa chumbani dakika tano taa ikiwa imezimwa. Ukiona mkono wako mbele ya karatasi nyeupe, zibeni zaidi. Simu na saa zenye vidole vya kung'aa zibaki nje. Kila mshiriki mgeni afanye mazoezi mchana kwa mkanda mbovu, mara tatu macho wazi, mara mbili macho yamefumbwa. Pembe mbili za ulimi zikatwe kidogo kwa mshazari, filamu itateleza. Kwenye mfuko wa giza mikono hutoa jasho na filamu hunata, kwa hiyo ukikwama, iweke filamu ndani ya tangi, funga kifuniko, toa mikono ipoe, kisha urudi.

Mkikusanya tangi, msisahau bomba la katikati. Bila hilo mwanga unashuka moja kwa moja kupitia tundu la kumiminia, na hakuna atakayejua hadi filamu itoke nyeusi yote.

Sasa utaratibu wenyewe, kwa kila tangi:

1. Mimina devalopa ml 600, anza saa. Pindua tangi mara 4 ndani ya sekunde 10 za mwanzo, ligonge mezani kutoa mapovu.
2. Kila dakika inapoanza, pindua mara 4 kwa sekunde 10, gonga, acha litulie.
3. Dakika 12 na sekunde 50, anza kumwaga.
4. Stopu sekunde 30, ukipindua. Rudisha chupani.
5. Fiksa dakika 4, ukipindua kama kwenye devalopa. Rudisha chupani. Sasa kifuniko kinaweza kufunguliwa.
6. Jaza maji, pindua mara 5, mwaga. Jaza, pindua mara 10, mwaga. Jaza, pindua mara 20, mwaga.
7. Toa filamu kwenye rili, ipitishe nusu dakika kwenye bakuli la maji yaliyochujwa au kutoneshwa, yenye dawa ya kuteleza ml 5 kwa lita. Rili zisiingie humo: dawa hiyo huzifanya zinate siku nyingine.

Matangi matatu yaanze kwa kupishana dakika tano, kila moja na saa yake, na karatasi ukutani inayoandikwa mwanzo na mwisho. Glavu na dirisha wazi kwa wote.

Mkanda wa picha 36 una urefu wa mita 1.6 hivi. Tundikeni kamba juu ya mita 2, filamu zikiwa umbali wa sentimita 10 na kibanio kizito chini ili zisijikunje na kugusana. Bafu ndilo chumba bora. Nyunyizeni maji sakafuni kwanza ili vumbi litue, fungeni mlango, asiingie mtu hadi asubuhi. Hamu ya kuchungulia ni kubwa, na ndiyo inayoleta vumbi.

Jumapili: kusoma negativu kabla ya kusoma picha

Kateni vipande vya picha 5 au 6? Swali linaonekana dogo hadi ufike kwenye karatasi. Vipande saba vya picha 5 vinaenea kwenye karatasi ya kontakti (ya kuchapia mkanda wote kwa ukubwa wake halisi) ya inchi 8 kwa 10, lakini ni picha 35, na ya 36 inabaki nje ikilia. Vipande sita vya picha 6 vina upana wa milimita 210, na karatasi hiyo ina 203. Tumieni karatasi ya sentimita 24 kwa 30, mkate vya picha 6, mmalize ubishi.

Kwa karatasi ya kontakti: taa nyekundu au ya kahawia ya chumba cha giza, negativu upande wa dawa, ule usiong'aa, ukigusana na upande wa dawa wa karatasi, kioo kizito juu. Anza na utepe wa majaribio wa sekunde 2, 4, 6 na 8. Chagua muda mfupi kuliko yote unaoigeuza sehemu tupu ya filamu, ile kati ya matundu, kuwa nyeusi kamili. Muda huohuo utumike kwa mikanda yote 12, bila kumhurumia mtu. Msipokuwa na chumba cha giza, laza negativu kwenye paneli ya mwanga na kuzipiga kwa kamera ya kidijiti, mwangaza ukifungwa kwenye kipimo kimoja kwa wote.

Sasa lile zoezi la picha tatu linaongea. Mikanda ilisafishwa pamoja, kontakti zimechapwa kwa muda mmoja, hivyo anayeona picha zake zote zimefifia gizani ajue kamera yake inapima vibaya au shata yake inakwenda mbio. Mwenye picha nzuri kwenye ile ya hatua mbili juu pekee aweke ISO 100 kwenye kitufe chake tangu leo. Waliosafishwa tangi moja wakae pamoja: negativu za mmoja zikiwa sawa na za mwenzake zikiwa hafifu, dawa haina kosa.

Kasoro nyingine zina alama zake:

Filamu angavu tupu lakini namba za pembeni zinasomeka: haikupata mwanga, haikushika meno au shata haikufunguka. Namba hizo huchapwa kiwandani kwa mwanga.

Filamu tupu bila namba: devalopa haikufanya kazi, au fiksa ilitangulia.

Alama za mwezi mchanga: filamu ilikunjwa wakati wa kuingizwa kwenye rili.

Madoa ya maziwa au ya zambarau: fiksa haikufika, pengine filamu zilinatana. Irudishwe kwenye fiksa dakika 5, ioshwe upya. Inapona.

Vidoti angavu vya duara: mapovu, tangi halikugongwa.

Michirizi inayotoka kwenye matundu ya pembeni: tangi lilitikiswa kwa nguvu mno.

Ukanda mweusi unaovuka picha mahali palepale kila mara: sponji ya mgongo.

Baada ya hapo ndipo mzungumzie picha. Dakika 7 kwa mtu, jumla ni kama saa moja na nusu. Mwenye picha asichague. Jirani yake achague tatu kwa kalamu nyekundu ya nta, aseme kwa nini, ndipo mwenyewe ajibu. Meza ya kubadilishana lenzi na mikanda iliyopitwa na muda ifunguliwe mwishoni kabisa, kwa sababu ikifunguliwa mapema hakuna atakayerudi kwenye kiti.

Kabla ya kufunga mlango, fiksa iliyotumika, ambayo sasa ina fedha iliyoyeyuka, iwekwe kwenye dumu lenye lebo na kupelekwa panapopokelewa taka za kemikali au kwenye maabara inayokamua fedha. Isimwagwe kwenye sinki wala ardhini. Rili zisafishwe kwa mswaki na maji ya moto. Ile karatasi ya saa ya ukutani ipigwe picha na kutumwa kwa washiriki wote, ikiwa na joto la maji, muda na namba ya tangi la kila mmoja, ili atakayesafisha peke yake nyumbani awe na pa kuanzia.